Ng'oa Mche Mmoja, Tazama Mizizi

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Mbwara, Wilaya ya Rufiji)

 

Leo sikuja na chaki. Nimekuja na mche wa nyanya chungu. Tazameni. Nimeung'oa asubuhi hii katika bustani ya darasa letu. Majani yake ni ya njano. Umedumaa. Una miezi miwili na nusu, lakini haufiki goti langu. Mwenzake uliopandwa siku hiyo hiyo, tuta la juu, umekwisha kuchumwa mara mbili.

Nataka tuzungumze habari za mche huu, maana nimepita nyumba nyingi hapa kijijini na nimeona mimea ya namna hii. Mwenye bustani anaitazama, anasikitika. Mmoja anasema ardhi imechoka. Mwingine anasema kuna mtu ana jicho baya. Halafu anafanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaongeza maji, ama anakwenda kutafuta dawa ya mikorosho. Siwacheki, ndugu zangu. Mimi nimesoma chuo cha ualimu, na bado nilifanya hayo hayo.

Mnaokuja darasani mnaijua habari yenyewe. Ngoja niwaeleze wengine.

Kiangazi hiki tulilima matuta manne nyuma ya darasa. Tuta moja mchicha, moja bamia, mawili nyanya chungu. Tukaweka samadi ya kuku. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ulipofika mwezi wa pili, nyanya chungu za tuta la chini zikaanza kulala mchana. Ukipita saa saba, majani yameinama yote. Jioni yanasimama tena. Mimi nikasema, hii ni kiu. Nikapanga zamu. Kila mtu alete ndoo mbili, asubuhi na jioni.

Kina mama walibeba maji kwa majuma matatu. Na mnajua wenyewe kisima kinavyokuwa wakati wa kiangazi, unakaa foleni, unachota kwa kata. Miche haikupona. Ikazidi kuwa njano.

Mzee mmoja akashauri tupulize dawa ya mikorosho. Alikuwa na chupa iliyobaki nyumbani kwake. Nikakubali. Nasema wazi mbele yenu, nilikubali. Bomba la kupulizia lilikwisha kuazimwa.

Ndipo bibi mmoja wa darasa letu, ambaye alianza kisomo akiwa tayari ana wajukuu, akaniuliza, "Mwalimu, mizizi umeiona?"

Nikasema sijaiona.

Akasema, "Sasa dawa unampa nani?"

Akachukua kijembe, akachimba kuuzunguka mche, akauinua pamoja na udongo wake. Hakuuvuta. Angeuvuta, mizizi midogo ingekatika na kubaki ardhini, na tusingeona kitu. Akautia katika ndoo ya maji, akautikisa taratibu mpaka udongo ukatoka.

Mizizi ilikuwa na mafundo. Mengine kama punje ya mtama, mengine makubwa kama karanga, yamefuatana mzizi mzima. Mafundo yenyewe ni haya hapa. Huu mche upitisheni kwa mkono, kila mtu aushike.

Kijana mmoja akafurahi sana. Akasema, hiyo ni mbolea, kama ile iliyo katika mizizi ya kunde. Hakusema upuuzi. Ni kweli mizizi ya kunde, karanga na njugu mawe ina vifundo, na vifundo vile ni vizuri. Ndani yake wamo viumbe wadogo sana wanaochukua hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Lakini tofauti iko. Kifundo cha kunde kimeganda ubavuni mwa mzizi, kama kupe alivyoganda kwenye ngozi. Ukikisugua kwa kidole, kinabanduka. Ukikipasua, ndani kina wekundu kidogo. Fundo la nyanya chungu halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Jaribuni sasa hivi kwa kucha. Mmeona?

Kilichouvimbisha ni minyoo. Wataalamu wanaiita minyoo fundo. Ni midogo mno, jicho haliioni. Inakaa katika udongo, na udongo wa kichanga inaupenda zaidi. Inaingia ndani ya mzizi na kunyonya. Mzizi ukishavimba, maji hayapandi vizuri. Ndiyo maana mche unalala mchana, na chini udongo umelowa. Ndoo zote zile tulibeba bure. Na dawa ya mikorosho ingepulizwa juu ya majani, na mnyoo amekaa zake chini salama. Sumu ingebaki kwenye mboga, nasi tungeichuma tukaila.

Basi tangu siku ile nimejiwekea sharti. Bustani ikiugua, kabla ya kuongeza maji, kabla ya mbolea, kabla ya kutoa hata shilingi moja kununua dawa, nang'oa mche mmoja na kuosha mizizi yake. Nachagua mche unaougua, si uliokwisha kufa, maana mche mfu huozeshwa na mengi na hausemi ulikufa kwa nini. Mtu ataona uchungu kung'oa mche wake. Lakini mche mmoja ukituonyesha ugonjwa wa ishirini, hiyo si hasara.

Mizizi inaonyesha mambo mengi, si minyoo peke yake.

Ukiukuta mzizi umekuwa mweusi, umelainika, na unanuka kama maji ya mtaro, basi mmea umezama. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo wa mfinyanzi wa mabondeni hushika maji sana, na mtu akimwagilia kutwa mara mbili anauzamisha mmea bila kujua. Mwaka 2024, mwezi wa tatu na wa nne, mafuriko ya Mto Rufiji yalipofunika mashamba huku Rufiji na kwa jirani zetu wa Kibiti, mazao mengi yalikufa namna hiyo, maji yamesimama juu ya mizizi siku nyingi. Katika bustani ndogo tunaweza kuokoa. Acha kumwagilia. Chimba mfereji pembeni maji yatoke, inua tuta lifike urefu wa shubiri moja na zaidi. Usitie mbolea wakati huo. Mgonjwa asiyeweza kumeza humlishi pilau. Ngoja uone jani jipya kwanza.

Ukikuta ncha za mizizi zimekuwa kahawia kama zilizoungua, na majani nayo yameungua ukingoni, fikiri mambo mawili. La kwanza ni samadi mbichi. Samadi ya kuku ni kali. Ikitoka bandani ikaenda moja kwa moja shimoni, inaunguza. Irundikwe kwanza, ifunikwe, igeuzwe, ikae miezi miwili au mitatu mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Ukishakosea, fukua uiondoe karibu na shina, kisha mwagilia maji mengi mara moja ili ukali ushuke chini. La pili ni chumvi. Wenzetu wanaoishi delta, karibu na maji ya bahari, wanalijua hili kuliko mimi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe juu ya tuta. Ukiuona ukoko huo, tafuta maji mengine, na kinga ya mvua kila inaponyesha.

Mizizi au shina lililotafunwa halina fumbo, ni mchwa au sota. Sota hukata mche usiku usawa wa ardhi, kama kwa wembe. Asubuhi fukua kwa kidole kando ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja. Muue, mambo yamekwisha.

Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao nataka muusikilize vizuri, maana unafanana na kiu kuliko mwingine wowote. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya au pilipili imestawi, kijani kabisa, ina maua. Siku mbili tatu, imenyauka yote, bado ya kijani. Mizizi haina mafundo. Huo huenda ukawa mnyauko wa bakteria, na kipimo chake hakihitaji maabara. Kata kipande cha shina, sehemu ya chini karibu na ardhi, urefu wa kidole. Chukua bilauri ya kioo, itie maji safi. Shika kile kipande juu, ncha yake ya chini iguse maji, utulie bila kutikisa. Ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama tui unashuka kutoka kwenye shina, ndiyo wenyewe. Ni bakteria wanatoka kwenye mishipa ya mmea.

Mmea huo haufufuki. Hata ungekesha nao. Ng'oa, choma moto, usiutupe kwenye shimo la mboji wala kwenye njia ya maji. Osha jembe lako kabla hujagusa tuta jingine. Na mahali pale usipande nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Hao wote ni ukoo mmoja, na ugonjwa wao ni mmoja. Panda mahindi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, lakini mwalimu, mimi nimeosha mizizi na ni myeupe, mizima, haina kitu. Vizuri. Umejua kwamba shida iko juu. Sasa geukia majani, na ugeuze jani uone chini yake, kwa sababu wadudu wengi hukaa kivulini.

Tazama kwanza njano imeanzia wapi. Ikianza majani ya chini, yale ya zamani, na kupanda juu kidogo kidogo, mmea una njaa. Unayala majani yake ya zamani ili ulishe machipukizi. Huyu ndiye mgonjwa rahisi kuliko wote, na mchicha wetu mwingi hapa unaugua huo tu. Mpe samadi iliyoiva. Ukitaka apate nafuu upesi, loweka samadi kwenye ndoo, ifunike, uikoroge kila siku kwa majuma mawili. Kisha chuja, ongeza maji mpaka rangi iwe kama chai ya rangi iliyo nyepesi, mwagilia chini kwenye udongo, si juu ya majani mnayokula. Zamani ng'ombe walikuwa haba sana Rufiji kwa ajili ya mbung'o. Siku hizi wafugaji wapo. Samadi yao mtu anaweza kuiomba kwa maneno mazuri, na maneno mazuri na wafugaji tunayahitaji kwa mengine pia.

Majani yakijikunja na kunata, na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidukari. Maji yenye sabuni kidogo, yapulizwe chini ya majani jioni, yanatosha. Au mwarobaini, kilo moja ya majani mabichi, uyatwange, uyaloweke usiku kucha katika lita kumi za maji, uchuje, utie sabuni kidogo ili yashike. Puliza jioni, maana jua huiua nguvu yake.

Lakini nyanya ikijikunja majani machanga, ikadumaa, ikafanana na nywele za msongo, ule ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta, hauna dawa. Ni virusi, na inzi weupe ndio wanaovisambaza. Ng'oa mapema kabla haijawaambukiza wenzake. Na ukiona jani la nyanya lina mabaka kama limeungua, na ndani ya baka kuna kiwavi mdogo anatembea kati ya ngozi mbili za jani, huyo ni kantangaze. Aliingia nchini mwaka 2014, si mdudu wa wazee wetu. Chuma majani hayo ukayachome, kisha umwite afisa ugani, yule tuliyezoea kumwita bwana shamba.

Turudi kwenye tuta letu la chini. Tulifanya nini?

Minyoo fundo haitoki ndani ya mzizi ikishaingia. Lakini mmea ukisaidiwa unaweza kutoa mizizi mipya juu ya ile iliyoharibika. Tuliondoa miche iliyokuwa mibaya kabisa, pamoja na mizizi yake yote, tukaichoma. Iliyobaki tukaipalilia, tukapandisha udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva mpaka ukafunika shina kiasi cha vidole vinne. Tukatandaza nyasi kavu juu, udongo usichomwe na jua. Tukapunguza maji, ndoo za zamu zikabaki nusu. Miche kumi na miwili tuliyoiacha, saba imetoa majani mapya na mitatu kati ya hiyo ina maua. Mitano imekataa. Mmoja wa hiyo mitano ndio huu unaozunguka mikononi mwenu. Na akimaliza kuushika mtu wa mwisho, tafadhali usitupwe hapa nje. Utakwenda motoni, na udongo wake wote.

Msimu ujao tuta lile halipandwi bamia. Kuna mtu alishauri hivyo, na ni kosa, kwa sababu bamia huliwa na minyoo hii kuliko hata nyanya. Tutaligeuza udongo liachwe lipigwe jua kali majuma matatu, halafu tutapanda ufuta. Ufuta, ndugu zangu, huu huu tunaoupeleka mnadani. Minyoo fundo haistawi kwenye mizizi ya ufuta, ikikosa chakula inapungua. Atakayetaka nyanya na ana minyoo shambani aulize mbegu ya Tengeru 97. Ilitolewa mwaka 1997 na wataalamu wa Tengeru, Arusha, na inaistahimili minyoo hiyo.

Na ile chupa ya mzee? Hii ndiyo iliyonifanya niombe nafasi ya kusema leo.

Siku ya pili alikuja nayo darasani, akaiweka mezani. Nikamwomba aisome yeye mwenyewe, mbele ya wenzake. Alichukua muda. Akasoma jina. Akasoma neno "korosho". Akaendelea mpaka mwisho wa kibandiko, akarudia tena juu, kidole chake kinafuata mstari. Akasema, "Mchicha haumo." Nikamwuliza nyanya chungu je? Akasema, "Haimo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka jana aliupulizia mchicha wa nyumbani dawa ile ile, na kesho yake ukapikwa.

Hapakuwa na mtu aliyecheka.

Dawa ya mikorosho imepimwa kwa mikorosho. Korosho ina ganda, na tunda linakaa mtini muda mrefu. Mchicha ni jani, ndilo unalolipulizia na ndilo unalolila. Kwenye kibandiko cha dawa kuna mambo matatu ambayo kila mhitimu wa kisomo anaweza kuyatafuta. Kuna jina la zao. Kuna siku za kungoja baada ya kupuliza kabla ya kuvuna. Ukikuta 7 au 14, ni siku saba au kumi na nne kweli, si kukadiria. Na kuna mstari wa rangi chini. Wekundu ndio hatari kuliko zote, ikifuata njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani maana yake si kwamba unaweza kunywa. Chupa iliyobanduliwa kibandiko, au dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, usinunue hata ukipewa nusu bei. Na chupa tupu isichotewe maji wala kutiwa mafuta ya taa.

Wapo wazee hapa waliokaa katika vikundi vya redio mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Walijifunza kwamba mboga hujenga mwili wa mtoto. Ni mboga hiyo hiyo tunayoipulizia.

Nimesema mengi, na jua linapanda. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tukutane hapa hapa. Kila mwenye mmea unaougua aje na mmoja, umechimbwa, haukuvutwa, na udongo wake umefungwa kwenye jani la mgomba lililolowa. Mwenye dawa nyumbani aje na chupa yake pia, kifuniko kimekazwa, tuisome pamoja. Bwana shamba amekubali kuja. Bilauri ya kioo ninayo mimi, ndoo ya kuoshea ailete wa zamu.